Presha Haijui Jina la Mwimbaji

Katika makundi ya WhatsApp ya familia huzunguka klipu za saa nzima: kinanda kinalia polepole, maji yanatiririka, na chini yake pameandikwa kwamba ukiisikiliza kila usiku presha itashuka na vidonge utavisahau. Wagonjwa huja nazo kliniki, wengine kwa imani, wengine kwa kunipima. "Daktari, hii ni kweli?" Jibu langu huwa haliwafurahishi waumini wala wabishi. Muziki hugusa moyo na mishipa ya damu. Hilo limepimwa kwa vyombo na halina utata. Ila haugusi kwa njia inayodaiwa na klipu, na mguso wenyewe ni mdogo mno kumwachisha mtu dawa.

Tuanze Pavia, kaskazini mwa Italia. Mwaka 2006 Luciano Bernardi na wenzake wa chuo kikuu cha mji huo walichapisha katika jarida la Heart utafiti mdogo ambao hadi leo nauona umefikiriwa vizuri kuliko mingi iliyoufuata. Walichukua watu 24, nusu yao wanamuziki waliosomea, nusu wasio na mafunzo yoyote ya muziki. Kila mmoja alivishwa hedifoni huku akipimwa presha, mapigo ya moyo, pumzi na kasi ya damu iendayo kwenye ubongo. Kisha wakapigiwa muziki wa namna sita, kwa mpangilio wa bahati nasibu: raga ya Kihindi, sehemu ya taratibu ya simfoni ya tisa ya Beethoven, Vivaldi, muziki wa Anton Webern ambao hauna wimbo unaoweza kuushika ukauimba bafuni, rapu, na tekno. Mahali fulani katikati ya mfululizo zikapachikwa dakika mbili za kimya.

Mtu angetarajia Beethoven atulize na tekno ivuruge, kwa kuwa ndivyo tulivyofundishwa kuheshimu kimoja na kudharau kingine. Kilichoamua mambo ni kasi. Muziki wa haraka, uwe umepigwa kwa fidla au umetengenezwa kwa kompyuta, uliongeza pumzi, ukaharakisha mapigo na kupandisha presha. Wa taratibu ulielekea upande wa pili. Aina ya muziki ilikuwa na uzito mdogo, na hata kuupenda au kutoupenda hakukubadilisha sana picha. Wanamuziki ndio waliosukumwa na kasi kuliko wengine, jambo lisiloshangaza kwa watu ambao kwa miaka mingi wamefundisha pumzi yao kufuata mdundo.

Halafu zile dakika mbili. Muziki ulipokatika, presha, mapigo na pumzi vilishuka hadi chini ya vilivyokuwa kabla jaribio halijaanza. Kimya kilichotanguliwa na muziki kilituliza kuliko utulivu wa mwanzo, na kuliko muziki wenyewe. Bernardi aliona kwamba muziki kwanza hukusanya umakini na kuuamsha mwili, na raha ya mishipa huja pale umakini huo unapoachiliwa. Klipu za saa nzima zisizo na pumziko hata moja zimekosa sehemu yenye faida zaidi.

Kabla ya kwenda mbele, niondoe dhana moja. Wengi hudhani moyo hufuata ngoma kama mchezaji anavyoifuata. Moyo una kidude chake cha kuanzisha mapigo, fundo la seli kwenye chemba ya juu ya kulia, na kwa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika bila kuomba ruhusa ya spika. Singeli ya Dar es Salaam hukimbia kwa midundo 200 kwa dakika na zaidi, hata kufika 300. Moyo wa msikilizaji aliyekaa kwenye kiti ungefuata kasi hiyo angekimbizwa chumba cha dharura. Kinachotokea ni kwamba ubongo hupokea kasi ile kama habari ya kujiandaa, neva za kuhamasisha mwili huongezewa kazi, neva ya vagasi, ambayo ndiyo breki ya moyo, hulegezwa kidogo, na mapigo hupanda kwa machache tu. Pamoja nayo mishipa midogo hubana, na presha husogea.

Sasa inasogea kiasi gani? Hapa Wajerumani wanatusaidia. Mwaka 2016 Hans-Joachim Trappe na Gabriele Voit wa Bochum walichapisha jaribio lililowagawa watu katika makundi: kundi moja lilisikiliza simfoni namba 40 ya Mozart, la pili dansi za Johann Strauss, la tatu nyimbo za ABBA, kwa dakika 25, na kundi la kulinganishia lilipumzika kimya. Namba ya juu ya presha ilishuka kwa wastani wa milimita 4.7 za zebaki kwa Mozart na 3.7 kwa Strauss. ABBA walishusha 1.7. Magazeti yakaandika kwamba Mozart ni dawa na ABBA si kitu.

Ninaisoma tofauti. Waliopumzika bila muziki wowote walishuka 2.1. Yaani karibu nusu ya kazi anayosifiwa Mozart ilifanywa na kukaa tu. Kinachobaki ni kama milimita mbili na nusu, kwa watu waliopimwa papo hapo, si baada ya miezi. Si kitu cha kudharau: uchambuzi mkubwa wa majaribio ya dawa uliotoka katika The Lancet mwaka 2021 ulionyesha kwamba kila milimita 5 zinazoshushwa kwenye namba ya juu hupunguza matukio makubwa ya moyo na kiharusi kwa takriban asilimia 10. Lakini milimita hizo 5 ni za kushushwa na kubaki chini, mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka. Presha iliyoshuka saa nne asubuhi wakati wa simfoni na kurudi saa tano haimkingi mtu na kiharusi.

Kuhusu ABBA, waandishi wenyewe walidhani maneno ya nyimbo huenda yalichangia, kwa kuwa maneno huita akili kazini. Nakubaliana nao kwa sehemu. Ila nyimbo zile pia ni za kuchezwa, na kumlazimisha mtu asikilize muziki wa kucheza huku amekaa ni kumnyima nusu ya muziki wenyewe. Nitalirudia hilo.

Swali linalonivutia zaidi ni hili: kasi hupitia mlango gani kuingia kwenye mishipa? Mlango mkubwa ni pumzi. Kwenye ateri kubwa za shingo na kwenye tao la aota kuna vihisio vinavyotambua ukuta wa mshipa unavyotanuka. Presha ikipanda, vihisio hivyo hutuma habari kwenye shina la ubongo, moyo hupunguziwa kasi na mishipa hulegezwa. Ikishuka, kinyume chake. Mzunguko huo wa taarifa na majibu hauishi papo hapo. Huchukua takriban sekunde 10, ndiyo maana presha ya kila binadamu huyumba kwa mawimbi madogo ya sekunde 10 hivi, hata akiwa amelala tuli. Pumzi ya kawaida ni ya haraka zaidi, mara 12 hadi 20 kwa dakika, hivyo kila kimoja huenda zake. Mtu akipumua mara sita kwa dakika, mawimbi mawili yanaangukiana, na matokeo ni kama bembea inayosukumwa kila inaporudi: msukumo mdogo, mwendo mkubwa. Vihisio vinakuwa vyepesi kujibu, breki ya vagasi inapata nguvu.

Timu hiyohiyo ya Pavia iliwahi kuonyesha jambo hili kwa njia isiyo ya kawaida. Mwaka 2001, katika jarida la tiba la Uingereza, BMJ, waliandika kuhusu watu 23 waliokariri rozari kwa Kilatini, na kwa upande mwingine mantra ya yoga. Salamu Maria moja, kiongozi akisema nusu na waitikiaji nusu, hukamilika kwa takriban sekunde 10. Hakuna aliyewaambia wapumue polepole. Sala yenyewe iliwashusha hadi pumzi sita kwa dakika, na wepesi wa vihisio ukapanda. Mantra ilifanya vivyo hivyo. Miaka minane baadaye, katika Circulation, waliwasikilizisha wanakwaya 12 na watu wengine 12 Beethoven, Bach, Puccini na Verdi. Sauti ilipojengeka na kupanda, mishipa ya ngozi ilibana na presha ikafuata. Iliposhuka, mwili ulilegea. Na kwenye vipande vya Verdi, ambavyo mistari yake ya uimbaji hurudi kila baada ya sekunde 10 hivi, mawimbi ya presha yalianza kwenda sambamba na muziki. Ilitokea hata kwa wasio wanamuziki, tena bila wao kuonyesha kwamba wameguswa.

Nikisoma matokeo hayo, nafikiria pwani yetu. Kiitikio cha kaswida, mistari mirefu ya taarabu ya zamani ambayo mwimbaji huivuta hadi pumzi inakaribia kuisha, vidokezo vya zeze vinavyomsubiri avute hewa tena: hayo yote ni mazoezi ya pumzi yaliyovaa nguo za sanaa. Maulidi ya homu ya Zanzibar huwaweka wanaume mstari mmoja, wakiinama na kuyumba pamoja, na haiwezekani kuyumba pamoja bila kupumua pamoja. Huko Sweden, Björn Vickhoff na wenzake wa Gothenburg walipima vijana wakiimba kwa pamoja na kuripoti mwaka 2013 kwamba mapigo yao yalianza kupanda na kushuka kwa wakati mmoja, hasa wimbo ulipowalazimisha kuvuta pumzi mahali pamoja. Anayeimba kwaya Jumapili anapata kitu ambacho anayemsikiliza redioni hakipati, kwa kuwa mapafu yake ndiyo yanayofanya kazi. Ukinibana nichague kati ya mgonjwa wangu kununua spika mpya na kujiunga na kwaya ya mtaa, sitafikiri mara mbili.

Nisieleweke kwamba kila muziki wa ibada hutuliza. Zikri huweza kuanza taratibu ikapanda hadi watu wanahema. Wakati wa kupanda, presha nayo hupanda. Rumba ya Kongo hufanya hivyo kwa mpangilio unaojulikana na kila mpenzi wa dansi: mwimbaji anabembeleza, gitaa zinajibu, halafu sebene inalipuka na hakuna anayebaki kwenye kiti. Kwa mtazamo wa mishipa, wimbo mmoja wa namna hiyo ni jaribio zima la Pavia, kuanzia raga hadi tekno.

Na hapa ndipo narudi kwa ABBA. Muziki wa haraka si adui wa presha. Adui ni kiti. Mazoezi ya kawaida ya viungo, kwa mtu mwenye presha ya juu, hushusha namba ya juu kwa milimita 5 hadi 8 baada ya wiki kadhaa, na kushuka huko hubaki maadamu mazoezi yanaendelea. Hiyo ni mara mbili au tatu ya alichobakisha Mozart baada ya kuondoa kupumzika. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na kucheza ngoma kunahesabiwa. Costas Karageorghis wa Chuo Kikuu cha Brunel, London, ametumia miaka mingi kuonyesha kwamba muziki unaoendana na hatua humfanya mtu avumilie zaidi na ahisi kuchoka kidogo. Haile Gebrselassie wa Ethiopia alilijua hilo kwa miguu: Februari 1998, alipovunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 za ndani kule Birmingham, alikimbia hatua zake zikifuata wimbo wa Scatman uliokuwa ukipigwa uwanjani. Basi sebene inayopandisha presha yako kwa robo saa leo usiku, ukiicheza mara kwa mara, inaweza kuishusha mwakani. Kipimo cha papo hapo na kipimo cha mwaka vinaweza kutoa majibu yanayopingana, na anayekimbilia kimoja atakosea.

Kuna pia suala la furaha, ambalo Pavia walilipunguzia uzito. Michael Miller wa Chuo Kikuu cha Maryland aliwaambia watu 10 wenye afya wachague wenyewe muziki unaowachangamsha na ule unaowatia wasiwasi, kisha akapima kwa altrasaundi jinsi ateri ya mkono inavyotanuka. Taarifa ya mwaka 2008 ilisema muziki wa furaha uliongeza kutanuka kwa asilimia 26, na ule wa wasiwasi ulikupunguza kwa asilimia 6. Watu 10 ni wachache mno kujengea hoja kubwa. Hata hivyo sioni mgongano na Bernardi: yeye alipima presha na mapigo, Miller alipima utando wa ndani wa mshipa, ambao hutoa gesi ya naitriki oksaidi na kuufanya mshipa ulegee. Huenda kasi inaamuru kimoja na mapenzi yanaamuru kingine. Ndiyo maana simwandikii mgonjwa wangu wa Tandale Mozart. Kama moyo wake uko kwa Bi Kidude, amsikilize Bi Kidude, achague tu zile za taratibu.

Kiwango cha sauti ni jambo jingine, nalo ndilo linalonikera. Muziki uleule mtamu ukifunguliwa kupita kiasi hugeuka kelele, na kelele mwili huijibu kwa homoni za hatari, adrenalini na kotisoli, hata ukiwa usingizini. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipotoa miongozo ya kelele kwa Ulaya, lilipendekeza kelele za barabarani zisizidi wastani wa desibeli 53, na usiku zisizidi 45, na magonjwa ya moyo yalikuwa miongoni mwa sababu. Ndani ya nganya, yaani matatu, ya Nairobi yenye spika chini ya kila kiti, au kwenye nyumba iliyopakana na kigodoro cha Uswahilini kinachokesha hadi alfajiri, hatuzungumzii tena tiba ya muziki. Kijana anayecheza pale anafaidi mazoezi yake. Bibi wa nyumba ya pili mwenye presha ya 170 ndiye anayelipa. Kenya ina kanuni za kelele tangu mwaka 2009, na Tanzania ina sheria zake. Wanaotakiwa kuzisimamia hupanda nganya hizohizo.

Vipi kuhusu ahadi kubwa zaidi? Mwaka 2020, kwenye mkutano wa Chuo cha Marekani cha Magonjwa ya Moyo, madaktari wa Belgrade walitoa taarifa ya wagonjwa 350 waliopata shambulio la moyo na kubaki na maumivu ya kifua. Waliosikiliza muziki nusu saa kila siku, pamoja na matibabu ya kawaida, walionekana kuwa na wasiwasi mdogo na matukio machache ya moyo katika miaka iliyofuata. Habari njema, lakini mgonjwa hawezi kufichwa kama anasikiliza muziki au la, na anayepata nusu saa ya kukaa mwenyewe kila siku kwa miaka tayari ana maisha tofauti na asiyeipata. Tuna funzo la karibu: kifaa cha kuongoza pumzi kwa melodi, kilichoruhusiwa na mamlaka ya dawa ya Marekani mwaka 2002 kusaidia kushusha presha. Tafiti za awali zilikisifu. Mwaka 2012 wachambuzi walipoziweka kando zile zilizofadhiliwa au kushirikisha watengenezaji, faida ilitoweka. Mapitio ya Cochrane ya mwaka 2013, yaliyokusanya majaribio 26 ya wagonjwa wa moyo, yaliishia mahali pa wastani: muziki hupunguza wasiwasi, na hushusha kidogo mapigo, pumzi na namba ya juu ya presha. Hapo ndipo nami nasimama.

Wasiwasi wenyewe si jambo dogo. Mgonjwa anayesubiri kuingizwa chumba cha upasuaji, au anayelazwa kwenye kitanda cha kuchunguza mishipa ya moyo, ana presha iliyopandishwa na hofu, na dawa za kutuliza zina madhara yake. Kumwekea hedifoni zenye wimbo anaoutaka ni nafuu na hakudhuru. Hospitali zetu zingeweza kuanza kesho. Badala yake, vyumba vyetu vya kusubiri vina televisheni iliyofunguliwa hadi mwisho, tamthilia ikipiga kelele, kisha muuguzi anamwita mtu na kumfunga mkanda wa kipimo dakika hiyohiyo. Namba inayotoka hapo si ya mgonjwa peke yake.

Nikolai Korotkoff, daktari wa kijeshi wa Urusi, alieleza mwaka 1905 namna ya kupima presha kwa kusikiliza mshipa chini ya mkanda: sauti ya kwanza inapotokea ni namba ya juu, zinapopotea ni ya chini. Kipimo hicho kilizaliwa masikioni na bado kinahitaji ukimya. Mgonjwa akae dakika tano, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunjwa, kibofu kitupu, mkono ulingane na usawa wa moyo, asiongee, na muziki uzimwe. Ndiyo, hata ule wa kutuliza, maana tunatafuta presha anayoishi nayo, si ile ya dakika za Mozart.

Utafiti wa kitaifa wa Kenya wa mwaka 2015 ulikuta karibu mtu mzima mmoja kati ya wanne ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu hawajawahi kupimwa hata mara moja. Kwao muziki gani unafaa si swali la kwanza. Wewe uliyekwisha kupimwa na kuandikiwa dawa, meza dawa yako kwa wakati, kisha jioni funga simu, weka wimbo wa taratibu unaoupenda, uimbe nao kama sauti inaruhusu, na ukiisha usikimbilie mwingine. Kaa dakika mbili bila kitu. Ukitaka kujua kama umekufaa, nunua kipimo cha mkono, andika namba zako asubuhi na jioni kwa wiki kadhaa, na ulete daftari hilo kliniki badala ya klipu.